Faili Halihitimu: Kliniki za Sheria Visiwani na Namna ya Kuzisaidia

Shangazi yangu wa Konde, Pemba, ana kibweta cha mbao alichoachiwa na mama yake. Zamani kilikuwa cha udi na bangili. Tangu afiwe na mumewe kimekuwa cha karatasi, na karatasi zenyewe ni saba: cheti cha ndoa, cheti cha kifo, barua ya sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa wetu), karatasi ya shamba la eka tatu, risiti mbili za karafuu, na ukurasa mmoja wa Kiingereza ambao hakuna mtu nyumbani aliyejua unasema nini.

Ukurasa ule uliandikwa na kijana aliyekuwa akisomea sheria. Alikuja na wenzake, wakatandika meza chini ya mwembe wa skuli, na kwa zaidi ya saa nzima akamsikiliza shangazi. Mpaka leo anasifiwa: "Alinisikiliza mwanangu yule, wala hakunikata kauli." Kisha kijana akahitimu, na simu yake ikawa haipatikani. Waliokuja mwaka uliofuata walianza mwanzo kabisa: bibi, jina lako nani, na mume alifariki lini?

Baadaye nilipousoma ukurasa ule nilikuta ushauri mzuri. Hatua nne, zimepangwa vizuri, na kila moja ilikuwa sahihi. Ulikaa kibwetani kama dawa isiyo na maelezo.

Watu wengi Unguja na Pemba wanaposikia "kliniki ya sheria" wanafikiria ile meza chini ya mwembe. Na wanapotaka kuisaidia hufikiria kuongeza meza, fulana na maji ya kunywa. Nadhani hapo ndipo tunapokosea, na ili nieleze kwa nini, itabidi kwanza nifungue fundo lenyewe: kliniki ni nini, inafanya nini ambacho wengine hawafanyi, na gharama yake iko wapi.

Neno limeazimwa kutoka kwa madaktari. Mwanafunzi wa udaktari hafundishwi kwa vitabu tu. Husimama kando ya kitanda cha mgonjwa, na daktari mzoefu husimama nyuma yake. Mwaka 1933 mwanasheria wa Marekani, Jerome Frank, aliuliza kwa nini skuli za sheria zisifanye vivyo hivyo. Wapo waliokuwa wamekwisha kujaribu kabla yake: wanafunzi wa Harvard walianzisha ofisi yao ya msaada wa sheria mwaka 1913. Lakini jambo hili lilienea hasa baada ya 1968, pale Ford Foundation, mfuko wa hisani wa Marekani, ilipoweka fedha katika mpango maalumu wa kuzilipia skuli za sheria ziajiri walimu wa kazi hii. Tuiangalie vizuri fedha ile ilikwenda wapi. Wanafunzi walikuwapo tayari na wahitaji walikuwapo tayari. Kilichonunuliwa ni mtu wa kusimama nyuma ya mwanafunzi.

Huku kwetu msaada wa sheria una historia yake. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilianzishwa mwaka 1992, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa marehemu Profesa Haroub Othman, Mzanzibari aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kituo hicho ndicho kilichosomesha wasaidizi wa sheria wengi tunaowaona kwenye shehia zetu. Jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA, ikaja miaka ya 2000. Mwaka 2018 ikapitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar, na serikali ina idara yake inayoshughulikia jambo hilo. Zanzibar University pale Tunguu, iliyoanza 1998, ina kitivo cha sheria na sharia, na kila mwaka hutoa vijana waliosoma vyote viwili.

Hawa wote huchanganywa, na kuchanganywa kwao kunamuumiza mhitaji. Msaidizi wa sheria ni jirani yako aliyepata mafunzo. Anaijua shehia, anakuelekeza na kukusuluhisha, na kazi yake haibadilishwi na mwaka wa masomo. Kituo ni ofisi yenye wanasheria walioajiriwa, wenye kesi nyingi kuliko saa za siku. Kliniki ya chuo ni darasa. Ndani yake mteja anapata huduma ya bure, na mwanafunzi anapata somo ambalo hakuna kitabu kinachompa: namna ya kumsikiliza mtu anayelia bila ya kupoteza tarehe alizozitaja. Faida ya kliniki ni muda. Wakili aliyebanwa atakupa dakika kumi. Mwanafunzi mwenye mafaili mawili atakupa mchana mzima, ataisoma kila risiti, ataipekua sheria mpaka aipate aya yenyewe. Na udhaifu wake ni muda uo huo, kwa sababu muhula huisha.

Shauri moja, milango minne

Ili kuona kwa nini mchana mzima ni kitu cha thamani, tulichukue shauri la aina ya shangazi, ambalo Pemba utalikuta karibu kila kijiji. Mume amefariki. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Ameacha shamba, na ndani yake mikarafuu 32 inayozaa. Mjane yumo edani, miezi minne na siku kumi, hatoki kwenda kufuatilia mambo. Msimu unafika. Shemeji anaingia shambani na wachumaji, karafuu zinakaushwa, zinapelekwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na risiti inaandikwa jina la shemeji.

Hesabu ya mirathi yenyewe si ngumu. Kwa kuwa kuna watoto, mke ana thumni, moja ya nane: mikarafuu 4. Iliyobaki 28 inagawiwa watoto, mwanamume sehemu mbili kwa moja ya mwanamke: kijana 14, kila binti 7. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaifanya kwa dakika mbili. Shemeji hamo kabisa, maana mtoto wa kiume amemzuia.

Ugumu ni kujua hesabu hiyo ipelekwe wapi. Nani warithi na kila mmoja anapata nini, hilo ni la Mahkama ya Kadhi. Usimamizi wa mali ya marehemu Muislamu unaihusu Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo ina sheria yake ya 2007. Mpaka wa shamba na haki ya kulitumia ni mambo ya Mahkama ya Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Na kabla ya milango hiyo mitatu upo wa nne, wa sheha, ambaye bila ya barua yake mambo mengi hayasogei. Mtu akianza na mlango usio wake, anazungushwa. Nimewaona wajane waliozungushwa mpaka wakaona bora waache, nao hawakuwa wajinga wala wavivu. Walikuwa na nauli ya safari moja, na safari ile iliwapeleka pasipo.

Kisha ipo ardhi yenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa, na familia nyingi zikapewa eka tatu tatu. Sheria ya Ardhi ya 1992 inasema ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, imewekwa chini ya Rais, na mwananchi anamiliki haki ya kuitumia. Lakini mila yetu ya tangu zamani inatenganisha mti na ardhi: mtu anaweza kuwa na mnazi wake juu ya shamba la mwenziwe, na kila mmoja akaheshimu. Kwa hiyo shangazi anaposema "mikarafuu yangu", na karatasi ikasema "eka tatu", na shemeji akasema "shamba la baba yetu", watatu hao hawazungumzii kitu kimoja. Kazi ya kwanza ya kliniki ni kukaa chini na kuvitenganisha vitu hivyo vitatu kwenye karatasi, kwa Kiswahili.

Nasisitiza kwa Kiswahili. Wanafunzi wetu wanasoma sheria kwa Kiingereza, wanafanya mitihani kwa Kiingereza, na mawazo yao ya kisheria yamezoea kutembea kwa lugha hiyo. Mteja anazungumza Kipemba. Ushauri usioweza kusomwa na mtoto wa mteja aliyemaliza skuli haujatolewa bado. Kuandika barua ya ushauri kwa Kiswahili safi ni ustadi, unafundishwa na unasahihishwa, na mimi ningependa upewe alama kama mtihani mwingine wowote.

Kijana anafika wapi, na nani anampokea

Mwanafunzi si wakili. Anaweza kumhoji mteja, kukusanya ushahidi, kutafuta sheria, kuandika rasimu ya barua na ya hati ya madai, kusaidia usuluhishi, kumsindikiza mteja mpaka mlangoni mwa mahkama na kumweleza kinachoendelea ndani. Kusimama mbele ya hakimu kumwakilisha mtu ni kazi ya aliyesajiliwa kuifanya. Na usajili huo ni wa hapa hapa: Zanzibar ina mahkama zake na orodha yake ya mawakili, tunakutana na Tanzania Bara juu kabisa, kwenye Mahkama ya Rufani. Wakili wa Bara, hata awe hodari vipi, hasimami Mahkama Kuu ya Zanzibar kwa cheti chake cha Bara. Kwa hiyo kliniki ya Unguja au Pemba inamhitaji msimamizi aliyesajiliwa Zanzibar, anayejua fiqhi ya mirathi na sheria za ardhi za visiwani, mwenye subira ya kufundisha, na ambaye yupo wakati wa likizo.

Mtu wa namna hiyo ana njia nyingi za kupata riziki iliyo bora zaidi. Hapa ndipo kliniki nyingi za chuo, duniani kote, zinapoanguka. Mwalimu anapewa kliniki juu ya vipindi vyake vya kawaida, kama kazi ya kujitolea. Anaifanya kwa moyo mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu hana nguvu tena, na barua za wanafunzi zinatoka bila ya kusomwa na jicho la pili. Barua ya kisheria isiyosomwa na jicho la pili ni hatari. Muda wa kukata rufaa ukipita kwa sababu kijana hakujua kuwa upo, hakuna anayeweza kuurudisha kwa kusema samahani.

Yapo pia mashauri ambayo kliniki haipaswi kuyabeba peke yake hata ikiwa na msimamizi. Mtoto au mwanamke aliyefanyiwa udhalilishaji wa kijinsia apelekwe kwanza kwenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mshauri wapo pamoja. Kila mara anaposimulia upya anaumizwa upya, na ushahidi unachuja. Mwanafunzi anaweza kuwa na nia njema kabisa na bado akaharibu kesi kwa kumhoji mtoto masuali yasiyopaswa. Kliniki iliyokomaa inaijua kazi isiyo yake, na ina namba ya simu ya mwenye kazi hiyo.

Na lipo jambo moja ambalo vitabu vya nje hulipitia haraka, lakini kwetu ni kubwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na Pemba watu 543,441. Sisi ni watu wa kujuana. Mwanafunzi anayemhoji mjane wa Konde huenda ni mtoto wa ami wa shemeji anayelalamikiwa. Akirudi nyumbani, mama atamuuliza kwa upendo: leo mmempokea nani? Siri ikivuja kwenye kisiwa hairudi, na mjane aliyevujiwa hatafungua tena kinywa chake, wala jirani zake hawatathubutu. Ndiyo maana kliniki inahitaji daftari la majina linalotazamwa kabla ya mahojiano kuanza: jina la mteja, la anayelalamikiwa, la ukoo, la kijiji. Mwanafunzi mwenye nasaba na upande wowote anatoka chumbani, na haoni haya kutoka. Inahitaji pia chumba chenye mlango. Chini ya mwembe hapana mlango.

Fedha iende wapi

Sasa nirudi kwa wenye kutaka kusaidia, na nawajua ni wengi: wafanyabiashara wa Darajani, Wazanzibari walio Muscat, London na Toronto, mawakili waliosoma kwa msaada wa wengine, misikiti, hata wanakijiji wanaochangishana. Huuliza kwa lugha ya miradi: tuwafikie watu wangapi? Suali hilo linaivuta kliniki kwenye meza ya mwembe, kwa sababu pale watu mia wanaweza kuandikwa kwenye orodha kwa siku moja. Mimi ningeuliza mafaili mangapi yamefungwa, na yaliyo wazi yana jina la nani aliyeyapokea baada ya wenzake kuhitimu.

Fedha ya kwanza iende kwa msimamizi, awe ameajiriwa kwa kazi hiyo, miezi yote 12. Kiasi kidogo kinachodumu kinafaa kuliko kikubwa cha mwaka mmoja. Ya pili iende kwenye faili: kabati lenye kufuli, daftari la tarehe za mahkama, na karatasi ya makabidhiano ambayo kila mwanafunzi anaijaza kabla ya kutoka, imeandikwa shauri limefika wapi, tarehe ijayo ni ipi, mteja apigiwe kwa simu ya nani ikiwa yake imezimwa. Jambo hili halipendezi kwenye picha. Lakini laiti karatasi ya namna hiyo ingekuwapo, shangazi asingeulizwa jina lake mara ya pili.

Ya tatu ni nauli. Msaada wa bure si wa bure kwa anayetoka Micheweni au Kojani. Kuna daladala mpaka Chake, na kwa mtu wa kisiwani kuna chombo kabla ya daladala. Kuna siku ya kazi iliyopotea, kuna shauri linaloahirishwa ukiwa umeshafika. Likihitaji kwenda Unguja, kuna boti na mahali pa kulala. Wakili anaweza kuwa wa bure na mteja akashindwa kufika. Mfuko mdogo wa nauli, unaosimamiwa kwa stakabadhi, huenda ukaokoa mashauri mengi kuliko kitu kingine chochote cha bei hiyo.

Mawakili wenyewe wana cha kutoa kisichokuwa fedha. Saa tatu kwa wiki za kusoma barua za wanafunzi. Mahakimu na makadhi waliostaafu wanajua mambo ambayo hayajaandikwa popote. Mchana mmoja wa kukaa na wanafunzi na kupitia mafaili pamoja nao una faida ya muhula mzima.

Ni lazima niseme pia juu ya mkono unaotoa. Jimbo la Louisiana, Marekani, miaka ya 1990, kliniki ya mazingira ya Chuo Kikuu cha Tulane iliwasaidia wakaazi wa mji mdogo wa Convent kupinga kiwanda cha plastiki cha kampuni ya Shintech. Kampuni ikaacha mpango wake pale. Gavana na wafanyabiashara wakakasirika, na mwaka 1998 Mahkama ya Juu ya jimbo hilo ikabana kanuni za wanafunzi kuwawakilisha watu. Kliniki haikufa, ila mikono yake ilifungwa. Sitaki tufike huko. Anayefadhili kliniki asiwe na neno katika nani apokewe na nani akataliwe. Hapa petu mashauri ya ardhi ya ufukweni yanazidi, na kesho mwenye hoteli anayechangia anaweza kuwa ndiye anayelalamikiwa. Jambo hilo liandikwe siku ya kupokea fedha, wakati pande zote mbili bado zinapendana.

Njia ninayoiamini zaidi tunayo sisi wenyewe, na babu zetu waliijua: wakfu. Mtu anaifunga nyumba au duka la Mji Mkongwe, asili yake haiuzwi wala hairithiwi, na kodi yake inakwenda pale alipotaja. Misikiti na vyuo vya Kurani viliishi kwa njia hiyo. Sioni kwa nini nyumba moja yenye milango miwili ya maduka isiwekwe wakfu kwa mshahara wa msimamizi wa kliniki na nauli za wateja wake. Mirathi ni faradhi, na kumfikishia mjane thumni yake ni kheri kama kheri nyingine. Wakfu hauna tarehe ya mwisho wa mradi. Aliyeuweka ameshaondoka duniani, hawezi kupiga simu kusema faili la nani lifungwe.

Shauri la shangazi lilisogea alipompata msimamizi ambaye hakuwa anakwenda popote. Mwanafunzi wake aliusoma ule ukurasa wa Kiingereza, akauandika upya kwa Kiswahili, akaongeza hatua moja tu, kwamba risiti mbili za karafuu zitolewe nakala. Alipohitimu alikuja Konde na aliyempokea, wakaketi wote watatu ukumbini. Shangazi alifungua kibweta, akatoa karatasi moja moja, na yule mgeni akawa anaangalia faili lake na kusema kila moja ni ipi kabla hajaambiwa.